Pipa la Mbozi: nani alitia maji kwenye mafuta ya pumba za kahawa?

Pipa moja la chuma lilitoka Mbozi katikati ya Januari likiwa na kimiminika cheusi kilichopikwa kutokana na pumba za kahawa, likashushwa Mafinga kwenye kiwanda cha mbao chenye boila ya kukaushia mbao. Muuzaji alikuwa na karatasi ya maabara mkononi: maji asilimia 17.6, joto megajuli 26.0 kwa kilo. Bana ya boila iliwashwa kwa dizeli, ikahamishiwa kwenye mafuta mapya, ikawaka dakika chache, ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Nozeli ilipofunguliwa ilikuwa imezibwa na tope jeusi.

Mnunuzi alichota jagi moja kutoka juu ya pipa na kulipeleka maabara nyingine. Maji: asilimia 81. Sampuli ya tatu ilikingwa kwenye bomba linaloingia kwenye bana, ikasoma asilimia 47. Hapo neno baya likatamkwa, kwamba kuna mtu ametia maji njiani.

Hakuna aliyetia maji. Wahusika hawatajwi hapa, lakini hesabu za pipa lao zinastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu mzozo wa namna hii unaweza kumkuta yeyote anayejaribu kutengeneza mafuta ya bayo kwa magunzi, pumba za mpunga, maranda ya paini au kokwa za parachichi. Chupa tatu zilibeba vitu vitatu tofauti kutoka pipa lilelile, na kila maabara ilipima ilicholetewa.

Kilichoingia kwenye tanuri

Daftari la fundi wa tanuri ndilo lililookoa uchambuzi huu. Aliandika mizigo 5 ya kilo 85, jumla kilo 425 za pumba. Mkaa uliotoka ulikuwa kilo 115, kimiminika kilo 191. Kilo 119 zilizobaki ni gesi na kilichopotea. Tanuri ni la pipa lililofungwa, moto uko nje, joto ndani hufika nyuzi 450 hadi 500, na kila mzigo huchukua saa 4 hivi. Huu ni upikaji wa polepole, na matokeo yake si yale ya upikaji wa haraka unaosifiwa kwenye maandiko mengi, ambako mvuke hukaa ndani chini ya sekunde 2, unapozwa ghafla, na kuni kavu hutoa kimiminika cha asilimia 60 hadi 75 ya uzito wake kikiwa tabaka moja. Kwenye upikaji wa polepole mvuke hukaa muda mrefu juu ya mkaa wa moto, hukatika, na sehemu kubwa huishia kuwa gesi na maji. Pumba za kahawa zina potasiamu nyingi, na potasiamu huchochea ukatikaji huohuo.

Magunia ya pumba zilizobaki yalikuwa bado karakanani. Gramu 5 kutoka kila gunia zilikaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito ukaacha kubadilika. Magunia yaliyokuwa ghalani yalisoma unyevu wa asilimia 11. Yale yaliyolala nje mvua za Novemba zilipoanza, ya fungu lilelile lililopikwa, yalisoma 19.

Asilimia 19 ya kilo 425 ni kilo 81 za maji yaliyoingia tanurini kabla moto haujawashwa. Pumba kavu zilikuwa kilo 344. Pumba hizo, hata zingekuwa kavu kabisa, zinatoa maji mengine zinapovunjika, kwa sababu selulosi na hemiselulosi zina haidrojeni na oksijeni zinazoungana kuwa maji wakati wa kupikwa. Nani basi anahitaji kuongeza ndoo?

Kuchota kwa mrija badala ya jagi

Kimiminika cha upikaji wa polepole hakikai kimoja. Kikitulia siku chache, lami nzito hushuka chini na maji yenye tindikali hukaa juu. Koki ya pipa hili iko sentimeta 5 kutoka chini. Chupa ya kwanza ilijazwa kwenye koki hiyo, kwa hiyo ilibeba lami tupu. Jagi la pili lilichota juu, likabeba maji matupu. Ya tatu ilikingwa baada ya pipa kutikiswa barabarani kutoka Mbozi hadi Mafinga, tabaka zikiwa zimevurugika nusunusu.

Pipa liliachwa litulie siku 3, kisha likachotwa kwa mrija wa kioo wenye urefu wa mita 1 na tundu la milimita 15. Mrija huzamishwa wazi, polepole sana, ili lami ipate nafasi ya kupanda ndani kwa kimo kilekile ilicho nacho nje. Ukizamisha haraka, lami husukumwa pembeni na mrija hujaa maji. Utadhani tabaka la chini ni jembamba kuliko lilivyo. Mrija ukigusa chini, subiri dakika nzima, ziba juu kwa kidole chenye glovu, inua, futa nje, pima kwa rula. Mrija wa plastiki laini haufai, maana fenoli, kemikali kali zilizomo kwenye lami, huulainisha na zenyewe huchukua vitu kutoka kwenye plastiki.

Rula ilisoma sentimeta 11 za lami, kisha ukanda wa sentimeta 2 wa mchanganyiko usio huku wala kule, na juu yake maji ya rangi ya chai nzito, jumla sentimeta 71. Ukanda wa katikati uliwekwa kwenye chupa iliyofungwa, nyuzi 45, usiku mzima, ukajitenga. Kila tabaka lilihamishwa peke yake na kupimwa: lami kilo 33.8, maji ya juu kilo 156.2. Uzito wa lita moja ulikuwa kilo 1.16 kwa lami na 1.03 kwa maji ya juu.

Kutoka hapa kila kipimo kilifanywa mara mbili, tabaka kwa tabaka, na namba ya pipa zima ikapatikana kwa kukokotoa kwa uzito. Kuchanganya tabaka kwa kutikisa halafu kuchota haraka ni njia ya mkato inayoonekana nzuri na huleta jibu tofauti kila unaporudia, kwa sababu lami huanza kushuka kabla hujafunga kifuniko. Sampuli ziliwekwa kwenye chupa za kioo cha kahawia za mililita 250, zimejazwa karibu na mdomo, kifuniko chenye bitana ya Tefloni, na kuingizwa kwenye friji ya nyuzi 4 siku hiyohiyo. Juu ya chupa iliandikwa tarehe, saa, tabaka, kimo kilipochotwa na aina ya pumba. Chupa isiyo na neno "tabaka" juu yake haina thamani kwa mafuta haya.

Maji, na kwa nini karatasi ya kwanza ilisoma 17.6

Lami ileile iliyosoma 17.6 kwenye karatasi ya kwanza ilisoma 14.1 iliporudiwa. Tofauti ya 3.5 haikutokana na uzembe. Ilitokana na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia.

Titresheni, yaani kudondosha kitendanishi kidogokidogo mpaka mmenyuko uishe, kwa njia ya Karl Fischer hupima maji kwa kuyatumia kwenye mmenyuko wa iodini na dioksidi ya salfa. Vitendanishi vya kawaida vimeyeyushwa ndani ya methanoli. Mafuta ya bayo yamejaa aldehidi na ketoni, na hizi zikikutana na methanoli kwenye tindikali hutengeneza asetali, na kila molekuli ya asetali inatoa molekuli ya maji. Mashine inapima maji ambayo yamezaliwa ndani ya chombo chake. Dalili yake ni rahisi kuiona. Titresheni haifiki mwisho, sindano inasimama, inaanza tena, na maji yanaendelea kupanda kidogokidogo hata baada ya dakika 10. Ukiona hivyo, usiandike namba ya mwisho iliyoonekana. Badilisha kitendanishi, tumia kile kilichotengenezwa kwa ajili ya aldehidi na ketoni, kisicho na methanoli.

Kwa lami yenye maji ya asilimia 14, gramu 0.1 inatosha. Hiyo ni miligramu 14 za maji, sawa na mililita 2.8 za kitendanishi cha nguvu ya miligramu 5 kwa mililita. Kwa maji ya juu chukua gramu 0.03 tu. Pima kwa kupima sindano kabla na baada ya kudunga, si kwa alama za ujazo, maana lami hubaki imeng'ang'ania ukutani. Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: ongeza maji ya uzito unaojulikana, tuseme miligramu 20, kwenye sampuli iliyokwisha kupimwa, uone kama mashine inayarudisha yote. Hapa yalirudi asilimia 98 hadi 101. Kwa kitendanishi cha methanoli yalirudi 112.

Kuna wanaopendekeza kuchemsha sampuli pamoja na toluini na kukusanya maji kwenye mrija wenye alama. Kwa mafuta mengine njia hiyo ni nzuri. Kwa haya hapana, kwa sababu asidi ya asetiki, methanoli na asetoni huruka pamoja na maji na kuhesabiwa kama maji.

Maji ya juu yalisoma asilimia 81.0, sawasawa na karatasi ya pili. Sasa hesabu ya pipa zima: lami ilibeba kilo 4.8 za maji, tabaka la juu kilo 126.5, jumla kilo 131 kati ya 190, yaani asilimia 69. Toa kilo 81 zilizoingia na unyevu wa pumba. Zinabaki kilo 50, sawa na asilimia 14.6 ya pumba kavu, na hicho ni kiasi cha kawaida cha maji yanayozaliwa katika upikaji wa polepole. Hesabu imefunga. Mtu angekuwa ametia hata dumu moja la lita 20, maji ya kuzaliwa yangeshuka hadi kilo 30, na asidi kwenye tabaka la juu ingeonekana imechujuka. Haikuchujuka, kama inavyoonekana mbele.

Joto linaloonekana na lisilokuwepo

Karatasi ya kwanza haikutumia kalorimeta. Ilipima kaboni, haidrojeni na nitrojeni, ikapata oksijeni kwa kutoa, halafu ikakokotoa joto kwa kanuni ya Channiwala na Parikh ya mwaka 2002:

joto = 0.3491C + 1.1783H + 0.1005S − 0.1034O − 0.0151N − 0.0211A

ambapo A ni majivu, na kila herufi ni asilimia ya uzito. Lami ilikuwa na C 58.2, H 7.6, N 2.3, S 0.1, majivu 0.3, O 31.5. Ukiingiza namba hizo moja kwa moja unapata 26.0.

Tatizo ni kwamba haidrojeni ya maji imehesabiwa kama kuni. Weka maji matupu kwenye kanuni hiyo, H 11.19 na O 88.81, uone: inakujibu megajuli 4.0 kwa kilo. Maji ya kisima yamekuwa mafuta! Kila asilimia moja ya maji kwenye sampuli inaongeza joto la uongo la megajuli 0.04. Kwa lami yenye maji 14 kosa ni dogo, 0.6 hivi. Kwa tabaka la juu lenye maji 81 kosa linapita 3, na hapo ndipo mtu anaweza kuuza maji kwa karatasi iliyo sahihi kimahesabu.

Njia salama ni kutoa kwanza haidrojeni na oksijeni ya maji, kugawanya kwa sehemu kavu, kukokotoa, kisha kurudisha. Lami kavu inakuwa C 67.7, H 7.0, O 22.2, joto 29.6, zidisha kwa 0.86, unapata 25.4. Hilo ni joto la juu, pamoja na lile linalobebwa na mvuke. Joto linalopatikana kweli kwenye boila, mvuke ukiondoka na bomba la moshi, ni kama 23.7. Tabaka la juu kwa hesabu hiyohiyo linabaki na megajuli 1 hivi, na halishiki moto. Ndiyo maana bana ilikohoa: kila tone la tabaka la juu lililopita nozelini lilikuwa kama kumwagia moto kikombe cha maji.

Kwa hiyo pipa lililouzwa kama lita 181 za mafuta lilikuwa na nishati ya lita 22 hivi za dizeli. Mkaa wa kilo 115 uliobaki Mbozi ulikuwa na nishati zaidi ya mara 3 ya hiyo. Mwenye tanuri la aina hii anatengeneza mkaa, na lami ni zao la pembeni. Bei ipangwe hivyo.

Tindikali

pH ya tabaka la juu ilikuwa 3.1, na mtu wa kiwandani aliiona kuwa si mbaya. pH haisemi tindikali ni kiasi gani. Titresheni kwa haidroksidi ya potasiamu ilitumia miligramu 62 za haidroksidi hiyo kwa kila gramu, sawa na asilimia 6.6 ya asidi ya asetiki. Asidi kiasi hicho ikiwa peke yake ingesoma pH 2.4. Iliyoipandisha ni amonia na besi nyingine za nitrojeni zinazotokana na kahawa yenyewe, na besi chache tu zinatosha kufanya hivyo. Asidi yote bado ipo, inasubiri chuma. Kwenye lami, titresheni ina vituo viwili. Cha kwanza ni asidi za kaboksili, cha pili ni fenoli. Andika vyote viwili, kwa maana kinachokula chuma haraka ni kile cha kwanza.

Asilimia za GC-MS si asilimia za pipa

Karatasi ya tatu ilikuja na orodha ndefu ya GC-MS, mashine inayogeuza sampuli kuwa mvuke, kutenganisha viini vyake na kuvitambua kwa uzito, na mstari mmoja ulisisimua kila mtu: kafeini asilimia 18. Watu walianza kuzungumzia kuitoa na kuiuza.

Ile 18 ni sehemu ya eneo la vilele vilivyoonekana kwenye grafu ya mashine. Ni kama kuhesabu watu wa kijiji kwa waliofika mnadani. Wagonjwa, wazee na waliobaki shambani hawamo, lakini waliofika wanajumlishwa kuwa mia. Mashine ya gesi inaona tu kinachoweza kugeuka mvuke na kupita kwenye koloni, mrija mrefu mwembamba wa kutenganishia. Lignini, gundi ngumu ya nyuzi za mmea, ikivunjika vipande vikubwa haipiti. Sukari nyingi hazipiti. Hizo zinabaki kwenye pamba ya kioo mlangoni mwa mashine, zinaungua, na zisipoondolewa zinaharibu sampuli ya kesho. Pamba na mrija wa mlangoni vibadilishwe kila baada ya sampuli 20 hadi 30 za lami, na mapema zaidi ukiona kilele cha asidi ya asetiki kinaanza kuburuta mkia.

Lami ilirudiwa kwa vipimo vya kweli. Miligramu 50 ziliyeyushwa kwa asetoni hadi mililita 1, floranteni ya kiasi kinachojulikana ikawekwa kama kipimo cha ndani cha kulinganishia, ikachujwa kwa chujio la Tefloni la mikromita 0.2, na kudungwa siku hiyohiyo. Koloni lilikuwa la mita 60 lenye sianopropilifenili asilimia 14, aina inayotenganisha fenoli vizuri kuliko lile la kawaida. Joto lilianza nyuzi 45 kwa dakika 4, likapanda nyuzi 3 kwa dakika hadi 280. Ni mwendo wa kobe, zaidi ya saa moja na robo kwa sampuli, lakini ukipanda haraka vilele vya gwayakoli, fenoli itokanayo na lignini, na majirani zake vinakaliana. Kila kiini muhimu kilipewa mstari wake wa usawazishaji wa pointi 5.

Kafeini ya kweli kwenye lami ikawa asilimia 2.6, na kwenye tabaka la juu 0.2. Inatambulika bila shida kwa ayoni, yaani vipande vyenye chaji ambavyo mashine huvipima uzito, 194 na 109. Jumla pipani ni kilo 1.2 hivi, na biashara ya kuitoa ikafa hapo. Lakini namba hiyo inasema jambo jingine. Kilo 1.2 kwa pumba kavu kilo 344 ni asilimia 0.35. Pumba ngumu za kukobolea, zile zinazotoka kahawa kavu inapokobolewa, zina kafeini kidogo mno kufikia hapo. Ganda laini la tunda, linalomenywa kahawa ikiwa mbivu, lina kama asilimia 1. Basi magunia hayakuwa ya pumba za kukobolea peke yake. Maganda ya tunda yaliyokaushwa yalichanganywa, pengine theluthi ya mzigo au zaidi, na maganda hayo ndiyo yenye potasiamu nyingi, nitrojeni nyingi, na ndiyo yanayonyonya mvua kama sponji. Muuzaji alipoulizwa hakuficha. Kwake yote yalikuwa "pumba za kahawa".

Siringoli, fenoli nyingine ya lignini, yenye ayoni 154 na 139, ilikuwepo pamoja na gwayakoli, 124 na 109. Hilo lilimaliza tetesi ya pili, kwamba lami ilitokana na maranda ya paini. Paini na miti ya jamii yake hutoa upande wa gwayakoli tu.

Vyote vilivyopimwa na GC-MS kwenye lami vilijumlika kuwa asilimia 27 ya uzito. Ili kupata visivyoonekana, gramu 10 za lami zilidondoshwa tone kwa tone kwenye mililita 500 za maji ya barafu yanayokorogwa kwa nguvu. Unga wa kahawia uliozama ulichujwa na kukaushwa chini ya nyuzi 40 kwenye ombwe, ukawa asilimia 44. Hiyo ni lignini iliyovunjika. Ongeza maji 14.1 na vumbi la mkaa 1.2, unafika 86. Zilizobaki ni sukari na vitu vizito vinavyopenda maji. Baadhi ya fenoli zimehesabiwa mara mbili, kwa GC-MS na kwenye unga, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kidogo. Karatasi inayofika 100 kamili kwa mafuta ya bayo inapaswa kutiliwa shaka.

Lami inavyozeeka

Kiwango cha Marekani cha ASTM D7544 kwa mafuta ya aina hii kinaruhusu maji hadi asilimia 30, mnato hadi milimita mraba 125 kwa sekunde kwenye nyuzi 40, joto lisilopungua megajuli 15, na vitu vigumu hadi asilimia 2.5 kwa daraja la G au 0.25 kwa daraja la D. Lami hii ilikuwa na mnato 96 na vitu vigumu 1.2, ikapita G kwa hayo. Majivu yake 0.3 yalivuka kikomo cha 0.25 kwa kiduchu, na sehemu kubwa ni potasiamu iliyorushwa na vumbi la mkaa.

Lakini lami haikai ilivyo. Aldehidi na fenoli huendelea kushikana, molekuli zinakua, maji mapya yanazaliwa, mnato unapanda. Jaribio la haraka ni kuiweka kwenye chupa iliyofungwa, nyuzi 80 kwa saa 24, ambalo hulinganishwa na takriban mwaka mmoja wa kukaa stoo. Pima chupa kabla na baada. Ikipungua zaidi ya asilimia 0.1, kifuniko kilivuja na jaribio limeharibika. Mnato ulitoka 96 hadi 171. Kabonili, yaani jumla ya aldehidi na ketoni, zilizopimwa kwa haidroksilamini kwenye nyuzi 80 kwa saa 2, zilishuka kutoka milimoli 2.6 hadi 2.0 kwa gramu. Kabonili zinazopungua huku mnato ukipanda ni ushahidi kwamba ni uzee, si kuvuja.

Lami hiyohiyo ikitiwa ethanoli asilimia 10 mapema ilianza na mnato 41 na kuishia 48. Watafiti Diebold na Czernik walionyesha mwaka 1997 kwamba methanoli asilimia 10 hupunguza kasi ya kuzeeka karibu mara 20. Ethanoli ni salama zaidi mikononi mwa mafundi. Dizeli usijaribu kuchanganya. Haiungani na lami, na pale bombani ilipoikuta ndipo tope la nozeli lilipogandia.

Kilichobadilishwa

Kwanza pumba. Zilianikwa mpaka asilimia 10 na maganda ya tunda yakatengwa. Pili, kipoozeo. Kilichokuwepo kilipooza kila kitu pamoja kwa maji baridi. Badala yake mvuke ulipitishwa kwanza kwenye chombo kinachoshikiliwa nyuzi 90. Kwenye mchanganyiko huu maji ni kama asilimia 60 ya mvuke wote, na kwa shinikizo la hewa la nyanda za Mbozi, kilopaskali 84 hivi, yanaanza kuganda kuwa matone karibu na nyuzi 82. Pwani ingekuwa 86. Kwa hiyo kwenye 90 lami inashuka na maji yanapita, yakakamatwe kwenye chombo cha pili cha plastiki ngumu. Lami ya mzigo uliofuata ilikuwa na maji asilimia 6. Ilikuwa nzito zaidi, mnato zaidi ya 300, ikahitaji ethanoli yake kabla haijapoa na bomba la bana kupashwa hadi nyuzi 70. Isizidi 80, maana itaanza kuzeeka ikiwa bombani.

Chujio la mikromita 50 liliwekwa kabla ya pampu. Bana iliwashwa kwa dizeli, bomba likasafishwa kwa ethanoli, ndipo lami ikaingia. Wakati wa kuzima ni kinyume chake, ethanoli kwanza, dizeli mwisho. Iliwaka saa 3 bila kukohoa.

Maji ya chombo cha pili yasimwagwe mtoni wala kupuliziwa mboga. Yana fenoli, na samaki hufa kwa fenoli kidogo sana. Yahifadhiwe yarudishwe kidogokidogo kwenye moto mkali wa tanuri.

Pipa lenyewe

Pipa lilipofika Mafinga mfuniko wake ulikuwa umevimba, na fundi aliyelegeza kizibo alisikia mlio wa hewa ikitoka. Tabaka la juu lilipimwa chuma kwa mashine ya unyonyaji wa atomi: miligramu 1,900 kwa kilo. Kwa kilo 156 hiyo ni gramu 296 za chuma kilichoyeyuka kutoka ukutani kwa wiki 6, na kila gramu 56 za chuma zinazoliwa na asidi hutoa gramu 2 za haidrojeni. Jumla ni zaidi ya lita 150 za haidrojeni, ndani ya nafasi tupu isiyozidi lita 30. Kwa bahati nyingi ilikuwa imevuja polepole kwenye uzi wa kizibo. Angekuwepo mtu na sigara au mashine ya kuchomelea karibu, kisa hiki kingeandikwa kwa namna nyingine. Mafuta ya bayo yakae kwenye plastiki ngumu ya polithini au chuma cha pua, kizibo kiwe na tundu la kupumulia, na pipa lililovimba lifunguliwe nje, mbali na moto, kwa kulegeza kizibo robo mzunguko na kusubiri.

Chuma hicho ndicho kilichoipa lami weusi wa wino, kwa kuungana na katekoli, moja ya fenoli zake. Lami iliyokamatwa kwenye plastiki ilikuwa kahawia iliyoiva. Pipa la zamani lilipokatwa ukuta ulikuwa umeliwa sare, mikromita 25 kwa wastani, isipokuwa kwenye mkanda mmoja wa upana wa kidole, sentimeta 11 kutoka chini, pale lami na maji vilipokutana. Hapo kulikuwa na vishimo unavyoweza kuvisikia kwa ukucha, na kimoja, karibu na mshono, kilipitisha mwanga.